Bunduki ikikataa kulia, usidhani imekufa

BILA shaka, msomaji mpenzi, umewahi kutazama sinema ya makauboi ukaona jinsi bunduki zao zisivyochoka. Mtu mwenye kofia pana husukuma mbele kile chuma chenye umbo la pete kilicho chini ya bunduki, akakirudisha nyuma, akafyatua, na adui akaanguka kutoka mgongoni mwa farasi. Husukuma tena, akafyatua tena. Tangu picha ianze hadi taa za ukumbi ziwashwe, hutasikia hata mara moja bunduki hiyo ikitoa mlio mdogo wa "tik!" kisha ikanyamaza.

Wanaozijua bunduki huufahamu mlio huo, na wengine huuogopa kuliko kishindo chenyewe.

Nami nilisimuliwa habari zake na mzee mmoja wa Muthara, huko Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru. Ni mahali pa miraa na mahindi, milima ya Nyambene ikiwa upande mmoja, na upande wa pili nchi ikishuka hadi kwenye tambarare kavu za Isiolo. Jioni upepo wa huko hukufanya ulitafute koti. Wakwe zangu wana boma lao hapo, na mzee huyo ni jirani yao. Aliniomba nisimtaje kwa jina, kwa hivyo nitamwita Mzee tu, kama anavyoitwa na kila mtu kijijini.

Katika ujana wake, Mzee alikuwa mbeba bunduki. Hiyo ilikuwa kazi ya kuheshimika enzi za uwindaji, kabla serikali ya Kenya haijaupiga marufuku mwezi wa Mei mwaka 1977. Mgeni alikuja kutoka ng'ambo na pesa zake na leseni zake. Mwindaji wa kulipwa akamwongoza. Na nyuma ya mgeni akatembea kijana mwenye macho makali, amebeba bunduki ya pili. Kijana huyo hakupiga risasi. Kazi yake ilikuwa kuijua bunduki, kuisafisha jioni, na kumpa mgeni kwa wakati.

Baada ya chai, Mzee aliingia ndani akarudi na leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na ganda tupu la risasi, limechakaa na kugeuka rangi.

"Hesabu alama, mwanangu," akaniambia.

Niligeuza kitako cha ganda hilo. Katikati yake pana kiduara kidogo, na juu ya kiduara hicho palikuwa na vishimo viwili. Kimoja kilikuwa kirefu. Cha pili kilikuwa kama alama ya ukucha, hakionekani vizuri mpaka ukielekeze kwenye mwanga.

"Hicho kidogo," akasema Mzee, "ndicho kilichotaka kuniua."

Asubuhi ya Timau

Ilikuwa mapema katika miaka ya 1970, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, upande wa Timau. Jua halijachomoza, nyasi zimejaa umande, na baridi inauma vidole. Mgeni wa safari hiyo alikuwa Mmarekani, mtu mpole aliyependa kucheka. Alikuwa na bunduki mbili: moja kubwa ya kukodi, na nyingine ndogo aliyorithi kwa babu yake. Hiyo ya babu ndiyo aliyoipenda. Ilikuwa bunduki ya wenzo, sawasawa na zile za makauboi.

Huenda ukauliza kwa nini mtu abebe bunduki ya aina hiyo kuja nayo Kenya, ambako wawindaji wengi walitumia za komeo au zile za mitutu miwili kutoka Uingereza. Sababu mojawapo ni Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt. Alishuka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1909, wiki chache tu baada ya kuondoka Ikulu, akaja na mwanawe Kermit kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya taifa huko Washington. Kati ya bunduki zake palikuwa na ya wenzo, Winchester ya mwaka 1895, iliyobuniwa na fundi mashuhuri John Browning. Roosevelt aliisifu sana kwa simba, akaihesabu kuwa dawa yao. Mwaka huo huo aliwinda ndovu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ingawa kwa ndovu alitumia bunduki nzito ya Kiingereza. Hadi safari ilipokwisha huko Khartoum mwezi wa Machi mwaka 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512. Kitabu chake kilisomwa na vijana wengi wa Kimarekani, na wengine walikua wakiota kupita alikopita.

Basi mgeni wetu naye alikuwa na ndoto yake. Swala alisimama umbali wa hatua themanini hivi. Mgeni alipiga goti, akalenga, akavuta kifyatulio.

Tik!

Swala aliinua kichwa, akaruka, akatokomea. Mgeni naye akafanya jambo ambalo karibu kila mtu angelifanya. Aligeuka. Aligeuka na uso wenye mshangao kumwuliza mwenyeji wake kulikoni, na bunduki ikageuka pamoja naye. Mtutu ulipita mbele ya kifua cha mwindaji, ukaja ukapita mbele ya kifua cha Mzee. Mkono wa mgeni ulikuwa tayari umeanza kuufungua wenzo.

Mzee aliupiga mtutu kwa kiganja ukaelekea juu mlimani, akaushikilia hapo. "Subiri," akasema kwa Kiswahili, na mgeni, ambaye hakujua Kiswahili, akaelewa.

Walisubiri. Hakuna kilichotokea. Baadaye mwindaji aliitoa risasi ile, akaitazama, akaitia mfukoni. Adhuhuri, walipokuwa wamerudi kambini, aliitia tena katika bunduki ile ile, akailenga kwenye ukingo wa udongo, akafyatua. Ikalia kwa kishindo.

Hilo ndilo ganda lililo ndani ya leso. Risasi iliyopita mbele ya kifua cha Mzee ilikuwa nzima muda wote.

Fataki, gobori na gumegume

Ili tuelewe kilichotokea, inafaa tujue risasi inavyolia. Lugha yetu yenyewe imehifadhi historia hiyo, kwani Waswahili walizijua bunduki tangu zama za misafara.

Kulikuwa na gobori, iliyoshindiliwa baruti kwa mdomoni. Kulikuwa na gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Jiwe liligonga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa nje kwenye kisahani, na moto ukapenya tundu hadi ndani. Mvua ikinyesha, gumegume haikulia. Upepo ukivuma, haikulia. Si ajabu kamusi zetu zinalipa neno hilo maana ya pili, yaani mtu asiyefaa kwa lolote. Unaposikia mwanamke akilalamika kuhusu mume gumegume, ujue analalamika kuhusu bunduki isiyolia!

Aliyetatua tatizo hilo alikuwa kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege. Aliona ndege wakistuka na kupaa kwa sababu ya moshi wa kisahani kabla risasi haijatoka. Mwaka 1807 alipata haki ya uvumbuzi wa kutumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa badala ya cheche za jiwe. Kutoka kwenye wazo hilo kikazaliwa kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali ndani, na hicho ndicho wazee wetu walichokiita fataki.

Fataki ingali hapo hadi leo. Ndicho kile kiduara kilicho kwenye kitako cha risasi. Unapovuta kifyatulio, springi husukuma nyundo. Nyundo hugonga pini. Pini hugonga fataki. Fataki hutoa mwali unaowasha baruti ndani ya ganda. Baruti ikigeuka hewa ya moto husukuma kichwa cha risasi kupitia mtutu. Hiyo ni foleni ya watu watano wanaopokezana kijiti. Mmoja akilegea, kijiti huanguka na wewe husikia "tik".

Swali la fundi ni moja tu: Nani amekiangusha?

Kwanza, usifanye lolote

Kabla ya kumtafuta mkosaji, kuna amri moja ambayo kila mwenye bunduki hufundishwa. Bunduki ikikataa kulia, isigeuzwe wala kufunguliwa. Iendelee kuelekezwa mahali salama, na mwenye kuishika ahesabu polepole hadi thelathini. Wengine huhesabu hadi sitini.

Sababu ni kwamba fataki inaweza kuchelewa. Mara nyingine kemikali imeharibika, ikashika moto kama utambi badala ya kulipuka, na baruti ikawaka baadaye kidogo. Mara nyingi kuchelewa huko ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini huwezi kujua. Ukifungua komeo wakati huo, ganda litapasuka nje ya chemba, bila chuma cha kulizuia, karibu na uso wako.

Kuna hatari nyingine ambayo ni kinyume cha hiyo. Badala ya "tik", unasikia "puf", mlio dhaifu kama wa gurudumu la baiskeli linalotoa pumzi. Hapo huenda baruti ilikuwa haba, na kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Mwenye pupa atasukuma wenzo na kupiga nyingine. Risasi ya pili itaikuta ya kwanza njiani, na mtutu utapasuka. Ukisikia "puf", kazi ya siku hiyo imekwisha.

Kusoma kitako

Baada ya kusubiri, risasi hutolewa na kusomwa. Nasema kusomwa kwa sababu fataki huandikwa na pini, na maandishi yake yanaeleweka.

Kama hakuna alama yoyote, basi pini haikufika. Huenda imevunjika, au nyundo ilizuiwa, au bunduki haikufungwa barabara.

Kama kuna kishimo kirefu katikati, pini ilifanya kazi yake. Kosa ni la risasi. Labda imezeeka, labda ilipata unyevu, labda mtu aliipaka mafuta akidhani anaitunza, na mafuta yakapenya hadi kwenye fataki.

Kama kishimo kiko kando, kuna kitu kimelegea au kuchakaa kati ya pini na komeo, na risasi haikai mahali pake.

Na kama kishimo ni kidogo kama ukucha, basi pini ilifika lakini ilifika imechoka. Hapo ndipo penye kazi.

Mwindaji wa Timau aliyasoma hayo jioni ile mbele ya Mzee. Kishimo kilikuwa kidogo. Risasi ile ile ililia ilipogongwa mara ya pili. Kwa hivyo risasi haikuwa na kosa. Mgeni, kwa kuona aibu, alikuwa tayari ameagiza kisanduku kizima kitupwe. Alikuwa anataka kumfukuza asiye na hatia.

Ujanja wa bunduki ya wenzo

Bunduki ya wenzo ina tabia zake, nazo ziliangaliwa moja moja.

Tabia ya kwanza ni kwamba wenzo lazima urudi hadi mwisho, ukagusana na shingo ya kitako cha mbao. Kuna aina ambazo pini yake ina vipande viwili, na kipande cha nyuma hakikai sawa na cha mbele mpaka kufuli lipande kabisa. Kuna nyingine zenye kizuizi kinachofunga kifyatulio mpaka wenzo ubanwe kwa mkono. Mbegu moja ya nyasi, au chembe ya mchanga, inatosha kuuacha wenzo wazi kwa unene wa sarafu. Mtu akiwa na haraka au vidole vimekufa ganzi, hataona. Mwindaji aliufunga wenzo kwa uangalifu, akajaribu. Haukuwa na kosa.

Tabia ya pili ni nyundo yake iliyo nje, ambayo unaweza kuivuta tena kwa kidole gumba bila kufungua chochote. Ni faida, na ni mtego pia, kwa kuwa mwenye pupa huivuta papo hapo bila kusubiri. Nyundo hiyo huwa pia na ngazi ya nusu, ambapo hukaa bila kugonga. Ikikwaruza ngazi hiyo inapoanguka, nguvu hupungua. Mwindaji aliisikiliza ikianguka. Ilikuwa laini.

Tabia ya tatu haihusu kunyamaza, ila ni vyema uijue. Nyingi za bunduki hizi huweka risasi ndani ya bomba chini ya mtutu, zikiwa zimepangwa ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ndiyo maana risasi zake za kawaida zina ncha bapa. Ukitia zenye ncha kali ya chuma, mshtuko wa kupiga unaweza kufanya ncha iwe pini, na bomba zima likalipuka mkononi. Browning aliiepuka hatari hiyo katika ile ya mwaka 1895 aliyotumia Roosevelt, kwa kuweka risasi ndani ya kisanduku badala ya bomba.

Basi wenzo ulikuwa mzima, nyundo nzima, risasi nzima. Hapo, anasema Mzee, ndipo mwindaji alipomwuliza mgeni swali lililofungua fumbo. Siku zilizotangulia, bunduki ilikataa saa ngapi?

Mgeni alifikiri. Ilikataa juzi asubuhi. Ilikataa jana alfajiri pia, mara moja, lakini alidhani amesahau kuivuta nyundo. Na mchana je? Mchana alipiga shabaha na mwenyeji wake risasi kumi, zote zikalia.

Asubuhi inakataa. Adhuhuri inalia. Risasi ni zile zile, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni jua.

Waliifungua bunduki juu ya meza ya kambi. Ndani ya njia ya pini mlikuwa na grisi nzito ya kuhifadhia chuma, ile ya rangi ya kahawia, imejaa tele. Mgeni mwenyewe aliipaka kule kwao ili hewa ya bahari isiitie kutu bunduki ya babu yake. Alifajiri, baridi ya Mlima Kenya iliigandisha grisi hiyo ikawa kama uji uliolala. Pini ililazimika kupita ndani ya uji huo, ikafika kwenye fataki bila nguvu. Jua likipanda, grisi inalainika, na bunduki inapona yenyewe.

Waliiosha kwa mafuta ya taa, wakaipangusa ikakauka, wakapaka tone moja la mafuta mepesi. Kesho yake alfajiri ililia.

Angalia, msomaji, jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Walibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hawakubadilisha risasi na kuosha bunduki siku moja, kwa sababu ingelia nao wasingejua ni kwa nini. Fundi wa redio, fundi wa gari na daktari wa watoto hufuata njia hiyo hiyo. Na mkosaji alikuwa ni yule aliyetaka kuitunza kupita kiasi.

Kama si grisi, fundi angelitazama springi, maana springi huchoka, na wengine huilegeza makusudi ili kifyatulio kiwe chepesi. Angelitazama ncha ya pini kama imelika. Angelipima nafasi kati ya kitako cha risasi na komeo, kwa sababu ikizidi, risasi husogea mbele pini inapoigonga. Hizo si kazi za nyumbani. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka bunduki irekebishwe na mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, sio na fundi wa kuchomelea milango, hata awe hodari namna gani.

Waliokuwa hawana fundi

Kuna watu wa nchi hii hii waliojua mlio wa "tik" bila kuwa na meza ya kambi wala mafuta mepesi. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua wakiwa na bunduki chache sana za kiwandani. Nyingi walizitengeneza wenyewe kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya magurudumu. Miongoni mwao walikuwamo waliowahi kuwa wanajeshi, kama Waruhiu Itote, maarufu Jenerali China, aliyepigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili.

Bunduki hizo zilikataa mara nyingi, na zilipokubali huenda zikampasukia aliyezishika. Risasi zilikuwa adimu, basi hakuna aliyeweza kupoteza hata moja kwa majaribio. Kwa mpiganaji wa Meru, mlio huo mdogo ulimaanisha kwamba askari aliye mbele yake sasa anajua alipo. Hata hivyo walidumu. Musa Mwariama, mwana wa Tigania, alikaa msituni bila kukamatwa mpaka uhuru ulipopatikana, akatoka mwezi wa Desemba mwaka 1963 na kukumbatiana na Jomo Kenyatta mbele ya wapiga picha.

Miaka iliyofuata, mlio huo uliwafuata pia askari wa akiba wa vijijini waliopewa bunduki kukuu aina ya Mark 4, chuma cha enzi ya Vita Vikuu vya Pili, walinde mifugo kwenye mipaka kama ule wa Tigania na Isiolo. Mtu anayelinda ng'ombe wa jirani zake usiku ana haki ya kujua kwamba chuma alichopewa kitaitika. Kukisafisha na kukikausha ni juu yake. Kumpa risasi ambazo hazijaoza ni juu ya aliyempa bunduki.

Iliyonyamaza si iliyokufa

Sasa wewe uliye Nairobi au Nakuru unauliza, haya yananihusu nini, nami sina bunduki wala sitaki?

Yanakuhusu kwa sababu ya watoto. Risasi iliyogongwa ikakataa mara nyingi hutupwa pale pale. Mtoto anayechunga mbuzi huiona ikimeremeta. Haina mlio, haina moshi, imelala. Anaitia mfukoni, au anaigonga kwa jiwe ili atoe shaba, au anaitupa motoni aone itafanya nini.

Kaskazini ya Muthara, kwenye nchi ya Samburu karibu na Archer's Post, na huko Dol Dol upande wa Laikipia, wachungaji waliuawa na kulemazwa na makombora yaliyobaki kwenye viwanja vya mazoezi ya kijeshi. Makombora hayo ni ndugu wakubwa wa risasi ya Mzee: yalipigwa, yakakataa, yakaachwa. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 jumla ya pauni milioni 4.5. Pesa hizo hazikurudisha mikono wala macho.

Kwa hivyo waambie wanao maneno machache. Wakiona risasi, wasiiguse, hata kama ina kutu, hata kama ina alama ya kugongwa. Waweke alama kwa tawi au jiwe kando yake, wakamwite mtu mzima, na mtu mzima apige ripoti polisi. Na kama marehemu babu aliacha bunduki kuukuu darini, usimpe kijana aifungue kuona kama "ingali inafanya kazi". Usiitingishe. Ifungie chumba, uwaite polisi. Sheria haitambui urithi wa bunduki bila cheti.

Jua lilikuwa linatua nilipoaga. Mzee alilifunga tena ganda lake katika leso. Mjukuu wake, mtoto wa miaka sita hivi, alikuwa amejitengenezea bunduki ya bua la mahindi, akizunguka uani akipiga adui wasioonekana. Alipotukaribia aligeuka, na bua likapita mbele ya vifua vyetu.

Mzee hakumkemea. Alinyoosha kidole kimoja akaliinamisha bua hadi likaelekea ardhini.

"Ni bua tu, babu!" mtoto akalalamika.

"Najua," akasema Mzee, na kidole chake kikabaki pale pale.